UZI: Titani gredi ya 4 au gredi ya 5, ipi iingie kwenye mfupa wa taya?

Mzani #1
Wakuu salaam. Naweka hoja mezani, mwenye pingamizi alete namba.

Nasema gredi ya 5, ile aloi yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, isiingie kwenye mfupa wa taya. Kipandikizi, yaani mzizi bandia wa jino unaokazwa mfupani, kiwe titani tupu ya gredi ya 4. Gredi ya 5 ibaki juu: kwenye skrubu, kwenye abatmenti (kipande kinachounganisha kipandikizi na jino bandia), kwenye fremu ya meno bandia. Sababu zangu: (1) ayoni za vanadi zinadhuru seli, hilo limeonekana maabara mara nyingi, (2) aloi ni kakamavu mno, inaubeba mzigo na kuuacha mfupa bila kazi, (3) ule weusi unaoonekana kwenye ufizi unaozunguka vipandikizi ni metali iliyolika. Karibuni.

DaktariTaya #2
Sababu ya kwanza ina mjadala. Ya pili ni kosa, tuiondoe mapema isije ikatuharibia uzi.

Ukakamavu wa titani tupu ni karibu GPa (gigapaskali) 105, wa gredi ya 5 ni karibu 114. Mfupa mgumu wa taya uko kati ya 10 na 20 hivi. Kwa mfupa, zote mbili ni vyuma tu, tofauti ya 9 haiihisi. Kinachobadilisha ukakamavu ni kipenyo, kwa sababu kupinda kunategemea kipenyo kwa kipeo cha nne. Toka mm 3.3 kwenda mm 4.1 unaongeza ukakamavu mara 2.4 kwa metali ileile. Kwa hiyo mwenye hofu ya mfupa kuachwa bila kazi ajadili kipenyo kwanza, aloi baadaye.

Fundi_Kalibu #3
Halafu Mzani, "gredi ya 4" gani? Ziko mbili na watu wanazichanganya kila siku. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5832-2 kuna 4A iliyolainishwa kwa joto, inayotakiwa kufika angalau MPa (megapaskali) 550 kabla ya kukatika, na 4B iliyofinyangwa baridi, angalau MPa 680. Muuzaji anakuonyesha namba za 4B kwenye karatasi, stoo ana fimbo za 4A. Tena 4B nguvu yake imetokana na kufinyangwa, haikutokana na kilichomo ndani. Ukiipasha moto wa kulainisha inarudi kuwa 4A.

Mzani #4
#2 nakubali, naiondoa sababu ya pili. #3 asante, nilimaanisha 4B. Zilizobaki nazishikilia.

MetaliHai #5
Kwa wanaosoma bila kuchangia, hizi gredi 1 hadi 4 zote ni titani tupu, kinachozitofautisha ni oksijeni na chuma kidogo kilichomo. Oksijeni isizidi asilimia 0.18 kwa gredi 1, 0.25 kwa gredi 2, 0.35 kwa gredi 3, 0.40 kwa gredi 4. Nguvu ya chini ya kukatika inapanda nazo: 240, 345, 450, 550. Oksijeni inakaa katikati ya atomi za titani na kuzizuia zisiteleze.

Gredi ya 5 ni habari nyingine. Ni aloi ya awamu mbili, alfa na beta, yaani mipangilio miwili ya atomi ndani ya metali moja. Alumini inaimarisha alfa, vanadi inaibakiza beta. Ya tiba inayotakiwa ni ile yenye oksijeni ndogo, kiwango cha ASTM F136, wengi wanaiita gredi ya 23: oksijeni mwisho 0.13, nguvu kuanzia 860. Gredi ya 5 ya kawaida inaruhusiwa oksijeni 0.20 na inaanzia 895. Inaonekana na nguvu zaidi kwenye karatasi, lakini ile ya oksijeni ndogo inavumilia ufa vizuri zaidi, na kwenye kinywa ufa ndio unaoua kipande.

DaktariTaya #6
Tuje kwenye vanadi. Kinachogusa mfupa ni ngozi ya oksidi, unene wake nanomita chache tu, na ikikwaruzwa inajirudishia papo hapo ikipata oksijeni au maji. Ngozi ikiwa nzima, vanadi inayotoka ni kidogo sana. Hofu ya vanadi ndiyo iliyofanya Waswisi watengeneze aloi ya alumini 6 na niobi 7 (ISO 5832-11), ikatumika kwenye nyonga. Aloi hiyo ipo na inafanya kazi, ila kwenye meno haijaenea.

Na alumini msiitupie gredi ya 5 peke yake. Vipandikizi vingi vya gredi ya 4 vinapigwa mchanga wa alumina, punje za mikroni 250 hadi 500, kisha vinaoshwa kwa asidi ya hidrokloriki na ya salfa ikiwa moto. Kuna punje zinabaki zimejikita usoni. Kwa hiyo hata "titani tupu" inaweza kuingia mfupani na alumini juu yake.

Nyuzi_za_Meno #7
Umesahau aloi ya titani na zirkoni, mkuu. Kampuni ya Straumann waliitoa 2009 kwa jina la Roxolid, zirkoni karibu asilimia 15. Vanadi hamna, alumini hamna, nguvu inakaribia MPa 950 ikifinyangwa baridi. Ndiyo maana wanathubutu kuuza mm 3.3 kwa sehemu ambazo zamani ulilazimika kwanza kuongeza mfupa.

MetaliHai #8
#7 ni kweli, na kuna faida moja haisemwi sana. Zirkoni na titani ziko safu moja kwenye jedwali la elementi, zinayeyukana kabisa, aloi inabaki awamu moja ya alfa. Ukiichovya kwenye asidi inalika sawasawa, unapata vishimo vilevile vya titani tupu. Gredi ya 5 ina awamu mbili, kila moja inalika kwa kasi yake, uso unatoka wa namna nyingine. Mimi naona hiyo ndiyo sababu halisi ya watengenezaji wengi kuikwepa gredi ya 5 mfupani. Vanadi inatajwa kwa sababu ni rahisi kuielezea.

Mzani #9
Hapo sikubali. Wako watengenezaji wanaotumia gredi ya 23 mfupani na nyuso zao zinashikana na mfupa vizuri. Kama uso ndio ungekuwa kikwazo wasingefika sokoni.

MetaliHai #10
Sijasema haishikani. Nimesema mchakato mmoja wa asidi hauwezi kuhamishwa ulivyo kutoka gredi ya 4 kwenda ya 23. Lazima upangwe upya: muda, joto, mkolezo. Na kila ukipanga upya, vipimo vinaanza upya.

BintiMeru #11
Habari zenu. Swali la nyumbani. Sisi wa upande wa Mlima Meru maji yetu yana floraidi nyingi, meno ya kahawia mnayajua. Nimesoma kwamba floraidi inakula titani. Mtu anayekunywa maji haya kila siku, kipandikizi chake kitalika?

Fundi_Kalibu #12
Swali zuri dada. Kwa kifupi, ndiyo, floraidi inakula titani, hata sisi tunasafishia titani kwa asidi ya hidrofloriki. Awe macho pia mtu anayesukutua kwa dawa ya floraidi.

ChujaMaji #13
Fundi, usimtishe binti wa watu bila hesabu. Hesabu ni hii.

Floraidi yenyewe haiiharibu ngozi ya titani. Inayoiharibu ni asidi ya hidrofloriki, na kiasi gani cha floraidi kinageuka kuwa asidi hiyo kinategemea pH. Mizani yake ni 3.17: pH ikiwa hapo, nusu ni asidi. Kila pH inapopanda kwa 1, sehemu hiyo inapungua karibu mara kumi. Majaribio ya maabara yanaonyesha ngozi ya titani tupu inaanza kuvunjika asidi hiyo ikipita takriban ppm 30 (sehemu 30 kwa milioni).

Sasa weka namba:
– Maji yenye floraidi mg 5 kwa lita, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha 1.5 cha Shirika la Afya Duniani. Hata floraidi yote ingegeuka asidi, ni ppm 5 tu (mg 1 kwa lita ni ppm 1). Haifiki 30 kwa njia yoyote. Na maji ya Meru yenye floraidi nyingi huwa ya magadi, pH juu ya 7, kwa hiyo asidi hiyo karibu haipo.
– Dawa ya meno yenye ppm 1,450, pH 7: asidi karibu 0.2. Salama.
– Jeli ya floraidi ya kliniki, ile yenye asidi ya fosfori, asilimia 1.23 ambayo ni ppm 12,300, pH karibu 3.5: asidi inakaribia ppm 3,900. Hii ndiyo ya kuogopwa.

Kwa hiyo dada, chuja maji yako kwa ajili ya meno na mifupa ya watoto, mkaa wa mifupa unafanya kazi hiyo. Kwa ajili ya titani huna haja.

BintiMeru #14
Asante sana, nimeelewa. Kumbe mwenye kipandikizi amwambie daktari asimpake ile jeli?

DaktariTaya #15
Ndiyo. Aombe floraidi isiyo na asidi, ya sodiamu floraidi yenye pH ya kati, au vanishi. Wenye nyaya za kunyooshea meno nao wamo, waya za titani za aina ya beta na za nikeli-titani zinapoteza ulaini wa kuteleza na zinakatika upesi zikikaa kwenye jeli hiyo.

Fundi_Kalibu #16
#13 nimekubali kusahihishwa kuhusu maji. Ila nikuongezee: hesabu yako ni ya kinywa kizima. Chini ya utando wa bakteria pH inashuka hadi 4.5 na chini yake, na oksijeni ni haba, ngozi haijirudishii kwa kasi ileile. Mahali padogo panaweza kuwa na hali mbaya kuliko mate yanavyoonyesha.

ChujaMaji #17
Sawa, tuweke pH 4.5 na dawa ya meno ya 1,450 iliyonaswa bila kupungua: asidi inafika kama 65. Imepita 30. Lakini dawa ya meno haikai bila kuchanganyika na mate, dakika chache imepungua mara nyingi. Nakupa nusu ya hoja.

Mzani #18
Mnaona? Weusi kwenye ufizi ni kulika. Tumerudi kwenye sababu yangu ya tatu.

Kisahani_98 #19
Hapana Mzani, umekimbilia kidogo. Weusi ule ni chembe, na chembe zinaweza kutoka kwenye msuguano tu. Abatmenti na kipandikizi vinachezacheza mikroni chache kila mtu anapotafuna. Gredi ya 5 ina ugumu wa Vickers karibu 340, gredi ya 4 karibu 250. Ngumu inaparuza laini. Ikiwa abatmenti ni ya mtengenezaji mwingine na vipimo havilingani vizuri, mchezo unaongezeka. Pale ndipo skrubu inapolegea na unga mweusi unapoonekana ukifungua.

Dawa yake: abatmenti ya mfumo uleule, skrubu mpya kwa kazi ya mwisho (ile ya maabara usiirudishe kinywani), kaza kwa torki ya mtengenezaji, mara nyingi Ncm 30 hadi 35, subiri dakika 10, kaza tena kwa torki hiyohiyo. Mara ya kwanza vilele vya nyuzi za skrubu vinasagika na mvuto unapungua, ndiyo maana unarudia.

Nyuzi_za_Meno #20
Au ni ncha ya mashine ya kung'olea ugaga. Ncha ya chuma kwenye kipandikizi inachimba mifereji inayoonekana kwa macho. Tumia ncha iliyovikwa plastiki au unga wa hewa wa glaisini. Au chembe zilitoka siku ileile ya upasuaji, uso uliopigwa mchanga unakwanguliwa na mfupa mgumu wakati wa kuzungusha. Hizo sababu mbili hazina uhusiano na gredi.

DaktariTaya #21
Na muwe waangalifu na neno "kusababisha". Chembe za titani zinapatikana kwenye ufizi wenye uvimbe, na zinapatikana pia kwenye ufizi mzima. Huenda chembe zinaleta uvimbe, huenda uvimbe na asidi yake vinatoa chembe. Sioni wa kuamua hapa kwenye uzi.

Fundi_Kalibu #22
Mzani, kuna jambo kuhusu vyeti vya kulika. Kipimo cha kulika cha ISO 10271 kinaloweka kipande kwenye asidi ya laktiki mol 0.1 kwa lita pamoja na chumvi mol 0.1, pH 2.3, nyuzi 37, siku 7. Kisha unapima kilichotoka, kisizidi mikrogramu 200 kwa sentimita ya mraba. Titani yoyote, ya 4 au ya 5, inapita mbali sana chini ya hapo. Maji yale hayana floraidi, na kipande hakisuguliwi. Kwa hiyo cheti cha kupita hakijibu #13 wala #19.

Kisahani_98 #23
Sawa kabisa. Na ISO 14801 ya uchovu, yaani metali kuchoka kwa mzigo unaorudiwa, nayo isomwe vizuri. Kipandikizi kinainamishwa nyuzi 30, kinashikiliwa mm 3 chini ya usawa wa mfupa kama vile mfupa umeshapungua, mzigo unarudiwa mara milioni 5 kwenye hewa au milioni 2 kwenye maji ya chumvi kwa kasi isiyozidi mara 2 kwa sekunde. Muuzaji akikuletea namba moja tu ya "nguvu", muulize: ni ya kuvunja mara moja au ni kikomo cha uchovu? Kipenyo gani? Hewani au majini? Abatmenti gani? Kikomo cha kipenyo cha mm 4.1 hakikuhusu ukiagiza cha 3.3. Kwa fimbo isiyo na tundu, nguvu ya kupinda inapungua karibu nusu. Kipandikizi kina tundu la skrubu katikati, ukuta unakuwa mwembamba zaidi, hali ni mbaya kuliko hiyo.

Mkongwe_wa_Nta #24
Ndugu zangu, mnazungumza vipandikizi tu. Sisi wa fremu za meno ya kuvaa je? Titani inasubika au niendelee na kobalti-kromu?

Fundi_Kalibu #25
Inasubika, kwa gharama na uangalifu. Inayeyuka nyuzi 1668 na ikiwa moto inadaka oksijeni, nitrojeni na silika ya kalibu. Unahitaji mashine ya aki ndani ya argoni na kalibu ya magnesia, alumina au zirkonia. Ukitumia unga wa kawaida wa fosfati na silika, uso unapata gamba gumu linaloitwa gamba la alfa, linaweza kupita mikroni 100. Gamba hilo likibaki kwenye kulabu, kulabu inakatika mgonjwa akiivaa na kuivua. Liondoe kwa mchanga, kisha asidi. Halafu piga eksirei kila fremu: titani ni nyepesi, 4.5 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 8 na zaidi ya kobalti-kromu, haisukumi gesi nje ya kalibu, matundu yanajificha ndani. Faida ya wepesi huo ni kwamba eksirei inayaonyesha.

Kisahani_98 #26
Siku hizi chonga tu. Kisahani cha titani cha mm 98 kwenye mashine ya kuchonga, kipozeo kingi, ncha kali. Ncha butu inapasha titani badala ya kuikata. Na vumbi lake linawaka: weka kizimamoto cha metali au mchanga mkavu, maji msithubutu.

Kwa uchapishaji wa leza, unga ni mikroni 15 hadi 45, na kosa la kawaida ni kuikata kazi kutoka kwenye bamba kabla ya kuipasha kwenye argoni, nyuzi 800 na ushee. Mkazo uliobaki ndani unaachia, kazi ya meno sita inajikunja na haikai tena.

Mkongwe_wa_Nta #27
Na kauri juu yake?

Fundi_Kalibu #28
Kauri ya titani pekee, ya kuchomwa chini ya nyuzi 800. Titani inatanuka kidogo kuliko aloi za kawaida na ikipita 882 inabadilika muundo, juu ya hapo oksidi inakuwa nene na kauri inabanduka pamoja nayo. Mshiko unaotakiwa na ISO 9693 ni MPa 25. Usitumie kauri ya nikeli-kromu, itapasuka ikipoa.

Mzani #29
Turudi kwangu. Nikiletewa fimbo na karatasi, nitajuaje ni gredi ipi? Rangi je? Naona za dhahabu na waridi.

MetaliHai #30
Rangi ni oksidi iliyoneneshwa kwa umeme, haisemi chochote kuhusu gredi. Anza na cheti chenye namba ya myeyusho, iwe ileile iliyogongwa kwenye fimbo, na kiseme F67 au ISO 5832-2 kwa titani tupu, F136 kwa gredi ya 23. Kikisema B348 tu, hiyo ni ya viwanda.

Bunduki ya eksirei inayosoma elementi itakutenganishia zirkoni na niobi bila shida. Kwenye vanadi uwe macho: mstari wa pili wa titani uko keV 4.93 (kipimo cha nishati ya eksirei) na wa kwanza wa vanadi keV 4.95. Kifaa kisichorekebishwa kitakuonyesha vanadi kwenye titani tupu. Oksijeni hakioni kabisa, kwa hiyo ya 5 na ya 23 hakizitenganishi. Oksijeni inapimwa kwa kuyeyusha kipande ndani ya gesi tulivu. Kwa haraka, pima ugumu, kisha sugua kipande, chovya kwenye maji ml 92, asidi ya nitriki ml 6 na ya hidrofloriki ml 2, tazama kwa hadubini. Gredi ya 5 inaonyesha punje za alfa na beta pembezoni. Jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani kabla hujafungua chupa.

Kisahani_98 #31
Basi hiyo inatupa njia ya kujaribu #18, #19 na #20. Chukua mgonjwa mwenye kipandikizi cha gredi ya 4 na abatmenti ya gredi ya 5, akiwa anatolewa nyama ya ufizi kwa sababu nyingine. Chembe zikiwa na vanadi na alumini pamoja, zimetoka juu. Zikiwa titani peke yake, zimetoka kwenye kipandikizi. Zikija na chuma na kromu, ni ncha ya mashine ya ugaga.

MetaliHai #32
Njia nzuri, ila mitego ni miwili. Hadubini ya elektroni ya kawaida ina mgongano uleule wa 4.93 na 4.95. Ukienda kwenye kipimo cha ayoni, kinachotenganisha atomi kwa uzito, vanadi yenye uzito 51 inagongana na klorini 35 ikiungana na oksijeni 16. Nyama iliyooshwa kwa maji ya chumvi itakupa vanadi ambayo haipo. Ioshe kwa maji safi yasiyo na madini, iyeyushe kwa asidi ya nitriki na kidogo ya hidrofloriki (nitriki peke yake haiyeyushi titani), bila hidrokloriki, na utumie chumba cha heliamu kinachochuja miungano hiyo. Kisu nacho kisiwe cha chuma, au chuma na kromu zako zitatoka kwenye kisu.

Mzani #33
Na mgonjwa ambaye vyote viwili ni gredi ya 23?

MetaliHai #34
Hapo elementi hazikusaidii. Itabidi utazame umbo: vipande vyenye kona kali karibu na nyuzi za kipandikizi, au unga laini karibu na kiungo cha abatmenti. Na hata hivyo DaktariTaya atakuuliza #21.

DaktariTaya #35
Nitauliza, ndiyo. Lete pia ufizi wa upande wa pili usio na uvimbe, wa mgonjwa huyohuyo.